"Kumbe ni klipu tu": kwa nini tunatoza kupima gari la turbo

Wiki iliyopita mteja alitushikia risiti mbele ya uso. "Saa mbili nzima mnapima, kumbe ni klipu tu?" Si wa kwanza kuhisi ameibiwa, ndiyo maana tunaandika. Klipu, yaani kibanio cha mpira wa hewa, tulimpa bure. Alicholipia ni kujua ilipo: chini ya intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo), nyuma ya bampa, na kwa macho ilionekana imekaza vizuri kabisa.

Gari lilikuja na malalamiko mawili. Sailensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, ilipanda na kushuka, wakati mwingine injini ikazima gari likisimama. Ukikanyaga mafuta, linabana (linasita), linatoa moshi mweusi, halafu ndipo linavuta. Kabla ya kufika kwetu alikuwa ameshanunua sensa ya hewa, plagi na pampu ya mafuta. Vya zamani vilikuwa kwenye buti, na tulipovipima vyote vilikuwa vizima.

Tundu moja, kama hilo lililokuwa kwenye klipu, linaweza kuleta shida zote mbili. Sensa ya hewa hukaa kabla ya turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) na kuhesabu hewa yote inayoingia. Turbo ikisukuma, hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatoroka kwenye tundu, lakini kompyuta inamwaga mafuta ya hewa ile ile. Mafuta yanazidi, moshi mweusi. Kwenye sailensa mambo yanageuka: injini inavuta, na kupitia tundu hilo hilo inaingia hewa ambayo haikuhesabiwa. Mafuta yanapungua, injini inatetemeka. Sasa hapo ungebadilisha sensa ipi?

Vali ya kuachia upepo nje (ile inayotoa upepo wa turbo ukiinua mguu kwenye mafuta) ni kisa kile kile. Tunajua mlio wake unapendwa. Ila kwenye gari lenye sensa ya hewa, kila ukiachia mafuta unamwaga nje hewa iliyohesabiwa, na injini inaweza kuzama kwa mafuta na kuzima unapokaribia kusimama. Kijana mmoja alihangaika miezi kadhaa na shida iliyoanza siku aliyofunga vali hiyo. Tulirudisha bomba lake kwenye njia ya kuingilia turbo, ikaisha jioni ile ile.

Njia ya mkato inayotuumiza zaidi ni kuficha uvujaji kwa kubadili programu ya kompyuta. Mteja mmoja alifanyiwa hivyo kwingine, sailensa ikatulia, akafurahi. Baadaye mpira ukapasuka zaidi, gari likawa baya kuliko mwanzo. Tulipoziba tundu, programu nayo ikawa si sahihi tena, ikabidi iandikwe upya. Akalipa kazi moja mara mbili. Sisi hatugusi programu kabla gari halijapita kipimo cha upepo, hata mteja akinuna.

Kipimo chenyewe: injini imezimwa, tunaziba mdomo wa sensa, tunaingiza upepo wenye regyuleta hadi kama bar 1, tunapuliza maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Matundu ya upande wa manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) tunayatafuta kwa moshi. Kabla ya hapo tunasoma kwenye mashine marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Yakiwa juu sana kwenye sailensa, tuseme asilimia 20, kisha yakashuka karibu na sifuri kwenye mizunguko 2500 kwa dakika, tunaanza kutafuta hewa inayoingia kwa wizi. Haya hayafanyiki kwa dakika 10.

Si kila kubana ni uvujaji. Ukiongeza busti (shinikizo la turbo) na kuacha plagi na mwanya wa milimita 1.1, cheche inaweza kuzimika gari likibeba mzigo, nalo likamisi (silinda ikakosa kuwaka) kwenye gia kubwa. Tumeona mtu akinunua koili zote (zinazotoa umeme wa cheche) wakati mwanya wa plagi ulihitaji kupunguzwa hadi milimita 0.7 tu. Na ukifunga nozeli kubwa za kunyunyizia mafuta bila kuieleza kompyuta muda zinaochukua kufunguka, sailensa haitakaa sawa.

Ukituletea gari, lilaze kwetu usiku mmoja ili tuliwashe likiwa baridi. Tuambie kila kilichobadilishwa, hata unachokionea aibu, na kilifungwa lini. Tafadhali usifute kodi (alama za hitilafu kwenye kompyuta) wala kuchomoa betri kabla ya kuja: ukifuta, marekebisho ya mafuta yanafutika pia, nasi tutalazimika kuliendesha upya hadi yajiandike, na muda huo nao utauona kwenye risiti.