Mheshimiwa waziri wetu wa afya wa kaunti, waambie madaktari wawapime wagonjwa oksijeni wakitembea

Mheshimiwa, habari ya kazi. Naandika nikiwa Nyalenda hapa Kisumu na nitaongea tu vile huwa naongea, juu hii maneno imenikaa rohoni.

Ndugu yangu mdogo aliacha ARV, zile dawa za virusi vya UKIMWI, karibu mwaka mzima, hiyo sifichi. CD4, ile hesabu ya chembe za kinga kwa damu, ikashuka chini ya 200, akaanza kikohozi kikavu, jasho usiku, na akipanda ngazi za ploti anasimama katikati anatafuta pumzi. Hosi ya kwanza walimpima oksijeni akiwa ameketi, kidude cha kidole kikasoma asilimia 94, eksirei ikatoka safi, tukarudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi. Kumbe ilikuwa nimonia ya kuvu, inaitwa nyumosistisi, na hiyo ndio tabia yake, mwanzoni eksirei inaweza kuwa safi kabisa na mgonjwa akikaa anaonekana yuko sawa, lakini mtembeze dakika chache tu na utaona namba zinateremka. Hakuna aliyemtembeza.

Tuliporudi alikuwa midomo imebadilika rangi. Akalazwa, akaanzishwa Septrin, ile dawa ya antibayotiki, kwa dozi kubwa ya siku 21 pamoja na prednisoloni ya kutuliza uvimbe wa mapafu, na wiki ya pili akashikwa na maumivu makali upande mmoja wa kifua. Hiyo kuvu inaweza kuacha vifuko vya hewa ndani ya mapafu, na kimoja kilikuwa kimepasuka, hewa ikatoroka ikajaa kati ya pafu na mbavu, pafu likasinyaa. Walimtoboa ubavuni wakaingiza mpira unaoishia kwa chupa ya maji, na mimi nikakesha nikihesabu mapovu. Aki usiku ule siwezi sahau.

Huku kwetu mtu wa virusi akikohoa tunasema TB, na mara nyingi ni TB kweli, lakini si kila mara.

Ombi langu ni mbili. Septrin ya kila siku isikosekane kliniki, juu ndiyo inazuia huu ugonjwa kwa wenye CD4 iko chini na kuna siku tumeambiwa tununue nje. Halafu kila anayekuja na pumzi fupi atembezwe na kidude kikiwa kidoleni. Pale tulipoenda kilikuwepo, hata betri haikuwa imeisha.

Ukituita ofisini tutakuja wote wawili, ila tafadhali tukutane chini, ngazi bado hawezi.