Kaka, hiyo sauti ya mwishoni itoe

Mambo vipi kaka, shemeji na watoto wazima? Huku kwema tu, Mama Rehema anakusalimia anauliza lini unashuka Dar. Samahani nakuandikia mbiombio ila skripti yako nimeimaliza jana usiku na nimeshindwa kulala. Wale madogo wako wako hai kabisa. Ila hiyo sauti ya mzee mwishoni, inayowaonya vijana waache uhuni, hapana aisee. Najua Kibwana ndo kashauri.

Ngoja nikwambie ya Robert Altman, yule mwongozaji filamu wa Marekani. Mwaka 1956 alikuwa anatengeneza filamu za makampuni kwao Kansas City, hajulikani, tajiri mmoja wa majumba ya sinema hapohapo akampa hela afanye filamu ya vijana wahuni, kama dola elfu 60 hivi. Enzi hizo Marekani tivii ilishawakalisha wazazi nyumbani, wanaolipa kiingilio ni vijana, wana magari na hela ya matumizi, wanajazana kwenye sinema zile za wazi unaangalia umekaa ndani ya gari. Kila prodyuza akawakimbilia, kampuni ya American International Pictures walikuwa wanaanza na jina na bango la filamu ndo wanatafuta skripti! Halafu 1955 maseneta nao wakaweka vikao kuhoji kama sinema zinaharibu watoto, kwa hiyo ngumi na visu vinauzwa ila lazima kuwe na mawaidha pembeni ya kujikinga.

Sasa filamu ya Altman, The Delinquents, ikatoka 1957. Scotty anampenda Janice, wazazi wa binti wanakataa, eti bado mdogo. Scotty anaenda sinema peke yake, anaangukia kwa genge la Cholly. Na hapa ndo pananiuma kila nikiangalia: Cholly anaenda nyumbani kwa kina Janice anajifanya ndo mchumba mpya, mpole, salamu za adabu, na wazazi wanamkabidhi binti yao. Yule anayempenda kweli wamemfungia mlango, muhuni wamemfungulia wenyewe! Mzazi akishaona hilo unamwambia nini tena? Lakini kampuni ya usambazaji ya United Artists walipoinunua wakabandika sauti mwanzoni na mwishoni, inahutubia kuhusu uhalifu wa vijana, na kile kidonda chote kinageuka tangazo.

Ndo maana nakuomba sana. Yule baba kwenye skripti yako anayehesabu chenji ya mwanae mbele za watu, pale umeshasema kila kitu, mzee wa nini tena. Na kama wanunuzi watalazimisha basi walazimishe wao, isitoke mkononi mwako.

Kibwana anasemaje hasa, ni yeye au kuna mtu wa hela nyuma yake? Hela imefika ngapi mpaka sasa? Yule dogo wa Tandika bado yumo au mama yake kagoma? Na ukikata ile sauti, filamu utaimalizia pale stendi au pale kwa baba?