Nguo za faraja: pesa ziende kwenye uzi, si kwenye uzinduzi

Mhariri,

Kila inapokaribia tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, mashirika na ofisi za wilaya huanza kutafuta kitu cha kutundika. Siku hizi kinachopendwa ni nguo kubwa ya pamoja: viraka vya miti, mito, ndege na majani vilivyoshonwa na wanakijiji, wakimbizi au wagonjwa, vikaunganishwa kuwa pazia moja. Wazo hilo tunaliunga mkono. Tusilokubaliana nalo ni jinsi fedha zake zinavyogawanywa. Hema, vipaza sauti, fulana na chakula cha mgeni rasmi vinachukua fungu nono, halafu kushona kwenyewe kunatengewa siku mbili. Nguo inapanda ukutani mvua za Oktoba zikiwa zimepamba moto, na mwaka mpya ukiingia imeshakuwa tambara.

Faida ya kazi hii inapatikana watu wakiwa wamekaa pamoja na sindano, wiki baada ya wiki. Hapa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Milaya, yaani yale mashuka yaliyodariziwa maua na ndege ambayo akina mama wa Sudan Kusini wamekuja nayo, na ambayo leo wanayashona katika makazi ya wakimbizi ya Bidibidi, hayafanywi kwa pupa. Mchoro unachorwa kwanza kwa kalamu, kisha mkono unaufuata rangi moja baada ya nyingine. Mikono ikiwa na kazi, macho huwa kwenye kitambaa, na mtu husema neno ambalo asingelisema akitazamwa usoni. Asiyetaka kusema anashona tu, wala hakuna anayemwona ni mkaidi.

Tuwe wakweli pia: nguo si dawa. Mwaka 2003 jarida la madaktari la JAMA lilichapisha utafiti uliofanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda. Watu wenye sonona walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, dakika 90 kila mara, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa kazi hiyo. Dalili zao zilipungua sana kuliko za watu wa vijiji ambavyo havikupewa vikundi. Hawakushona hata kiraka kimoja, walizungumza. Tunautaja kwa sababu unaonyesha muda unaohitajika, na kwa sababu unamkumbusha mwandaaji kwamba kikundi cha kushona lazima kiwe na mhudumu wa afya anayejulikana kwa jina, wa kumpokea mtu ambaye hali yake imezidi uwezo wa kikundi. Asipokuwepo huyo, msianze.

Kwa nguo ya watu 24 tunashauri mikutano 10 ya saa mbili mbili, watu wakigawanywa vikundi vitatu vya wanane. Mikutano miwili ya kwanza ni ya kuzoesha mkono tu: kupiga bandi, mshono wa mnyororo, kukunja ukingo wa kiraka nusu sentimita na kuushika. Hakuna mada, hakuna swali la moyoni. Mkutano wa tatu watu watoke nje waokote jani, ganda la mti, mbegu au unyoya, kila mtu achague kimoja na akichore kwa ukubwa wa kiganja. Mitano inayofuata ni ya kushona, mmoja wa kuunganisha, mmoja wa kutundika. Wanaobana haya yote yaingie wikiendi moja hupata vipande vilivyobandikwa kwa gundi, na gundi ya dukani hukakamaa juani na kuachia.

Kuhusu picha, viongozi wengi wanapenda Mti wa Uhai, mbinu ya mtu kuchora mti unaosimulia maisha yake, iliyobuniwa na Ncazelo Ncube wa Zimbabwe pamoja na David Denborough wa Australia kwa ajili ya watoto walioguswa na UKIMWI kusini mwa Afrika. Mizizi ni mtu alikotoka, ardhi ni maisha yake ya sasa, shina ni ujuzi wake, matawi ni matumaini, majani ni watu wake. Kwenye karatasi inakwenda vizuri. Kwenye kitambaa inataka marekebisho: mtu ashone majani kwanza, kila jani likiwa kiraka chake peke yake, mizizi aiache mwisho. Mizizi ndiyo inayogusa kijiji kilichochomwa na ndugu waliobaki huko, na anayeanza nayo mkutano wa kwanza huenda asirudi mkutano wa pili. Na aliyeshona nyoka au mto mweusi asiulizwe kwa nini. Mwache aeleze mwenyewe akitaka. Kiongozi anayefasiri picha za watu mbele ya wenzao anafanya udadisi tu.

Sasa vifaa. Msingi uwe pamba, amerikani nzito au drili, yenye upana wa sentimita 150. Mita 9 zinatosha nguo nzima. Ifueni kwa maji ya moto kabla ya kukata, wanga utoke na kitambaa kirudi, yaani kisinyae, kwanza. Kitambaa kisichofuliwa hurudi baadaye kwa mvua ya kwanza, na viraka vya juu visiporudi kwa kiasi kile kile, kila kipande kinavimba kama chapati. Kata vipande 24 vya sentimita 47 kwa 47, vitatu kwa upana wa kitambaa. Ukiacha sentimita 1.5 za mshono kila upande, kila kipande kinabaki 44 kwa 44, na safu nne za vipande sita zinatoa nguo ya mita 2.64 kwa 1.76. Kitambaa kilichosalia ni cha mgongo, na kidogo cha kurudia vipande vilivyoharibika. Msishawishike kufanya vipande vikubwa. Ule mfarishi wa Marekani wa kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI, uliotandazwa Washington Oktoba 1987, una vipande vya kama sentimita 90 kwa 180, kadiri ya kaburi. Hiyo ni kazi ya familia nzima. Mtu mmoja mwenye saa mbili kwa wiki atakiacha nusu, na kipande kilichoachwa nusu kinamuumiza kuliko asingeanza.

Viraka havinunuliwi. Kila fundi cherehani ana gunia la masalio ya kitenge, na anashukuru likiondolewa. Ila kila rangi ijaribiwe kwanza: lowesha kipande, kikandamize kwenye kitambaa cheupe kwa dakika tano. Kikiacha doa, kifue mpaka kiache kutoa rangi, au kitupe. Kuloweka kwenye maji ya chumvi, kama wengi wanavyoamini, hakufungi rangi iliyokwisha kupakwa. Nyekundu na nyeusi ndizo za kuangaliwa zaidi. Uzi wa kuunganishia vipande uwe wa poliesta, kwa sababu wa pamba huoza mapema kwenye unyevu. Uzi wa kudarizi unaweza kuwa wa pamba, maana huo haubebi uzito.

Wanaotaka rangi za mimea wafanye, mradi wajue kinachodumu. Maganda ya vitunguu, uzito sawa na wa kitambaa kikiwa kikavu, yakichemshwa saa moja hutoa rangi nzuri ya dhahabu iliyoiva. Pamba iloweshwe kwanza usiku kucha kwenye majani ya chai yaliyochemshwa, kisha kwenye shabu iliyoyeyushwa katika maji ya moto, gramu 10 hadi 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa. Bila hayo rangi haishiki vizuri. Misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki hugeuza kitambaa cha chai kuwa kijivu, hata cheusi, lakini ukizidisha chuma kinakula nyuzi na baada ya miezi kitambaa kinachanika kwa kidole. Manjano ya jikoni yanapendeza sana siku ya kwanza, na jua huyafuta upesi. Maua ya bogenvilia yasipotezewe kuni. Kugonga majani mabichi kwa nyundo juu ya nguo ili yaache alama yake ni mchezo mzuri kwa watoto, lakini kijani kile hugeuka hudhurungi, kwa hiyo waambieni mapema wasije wakalia.

Neno juu ya lubugo, kwa sababu waandaaji kutoka Kampala hulitaka kila mahali. Utengenezaji wa nguo hii ya gome la mti wa mutuba ulitangazwa na UNESCO kuwa kazi bora ya urithi wa binadamu mwaka 2005 na kuingizwa kwenye orodha ya urithi huo mwaka 2008, na unastahili sifa hiyo: gome linabanduliwa msimu wa mvua, shina linafungwa majani ya mgomba, na gome linaota tena. Lakini lubugo likilowa linalegea na kuchanika, hivyo halitundikwi nje. Ndani ya nyumba, lishikizwe kwenye pamba kwa mishono mirefu ya milimita 5 au 6, sentimita 2 kutoka ukingoni. Mishono midogo iliyobanana hulitoboa kama karatasi ya stempu. Halafu kuna desturi. Buganda lubugo ndilo linalofungwa maiti. Kwa kikundi cha waliofiwa hilo linaweza kuwa sahihi kabisa. Kwa wodi ya wazazi, waulizeni wazee kwanza.

Kutundika ndiko kunakoharibu kazi nyingi, na ndiko kusikopewa hata shilingi. Upepo wa mvua wenye mwendo wa kilomita 54 kwa saa husukuma karibu kilo 14 kwa kila mita ya mraba. Nguo tuliyoitaja ina mita za mraba 4.6, maana yake pembe zake zinavutwa kwa zaidi ya kilo 60. Ringi nne za chuma haziwezi. Zinang'oka na kuondoka na kitambaa. Shoneni mfuko wa sentimita 10 juu na mwingine chini, mpitishe mti wa mwanzi au bomba, ili uzito ugawanyike nguo nzima na upande wa chini usipigepige. Wapo wanaokata matundu ili upepo upite. Hayapunguzi mzigo wa maana, na kila tundu ni mwanzo wa kupasuka.

Mahali pazuri ni chini ya upenu wa mita moja au zaidi, ukuta unaoelekea kaskazini au kusini. Hapa karibu na ikweta, ukuta wa mashariki na wa magharibi hupigwa na jua la kulalia kila siku ya mwaka, asubuhi au jioni, na upenu hauwezi kulizuia. Nguo isigusane na ukuta. Acheni sentimita 5 kwa vipande vya mbao, hewa ipite nyuma, la sivyo ukungu unaanza mgongoni na mtauona ukishatokeza mbele. Ukingo wa chini uwe nusu mita kutoka ardhini, kwa sababu ya mchwa na matope ya matone. Mti mkubwa wa uwanjani unavutia kila mtu, lakini angalieni ni mti gani: utomvu wa fenesi ukishakauka kwenye pamba hautoki kwa sabuni yoyote. Mkilazimika kufunga kamba kwenye mti, wekeni mpira wa tyubu ya baiskeli chini yake na mlegeze fundo kila baada ya miezi mitatu. Kuukaba mti kwa ajili ya nguo inayousifu mti, kwa kweli, ni kichekesho.

Kwa kazi za wodini kuna sharti moja lisilo na mjadala. Sindano zinahesabiwa zikitoka na zikirudi. Chukueni ubao laini au kipande cha sponji nene, andikeni namba 1 hadi 8, kila sindano ichomekwe kwenye namba yake ikiwa na kipande cha uzi mwekundu, ikianguka ionekane sakafuni. Mikasi iwe ya ncha butu, nayo mitatu tu kwa meza. Mkutano hauishi mpaka ubao umejaa.

Mwisho wa nguo nao upangwe kabla haijaanza. Nje, hata mkitunza vizuri, msitegemee miaka mingi. Kwa hiyo vipande viunganishwe kwa mshono wa peke yake, wa hatua ndefu, unaoweza kufumuliwa bila kugusa darizi, na nyuma ya kila kipande iandikwe namba tu, orodha ya majina ikitunzwa na kikundi. Wengine hawataki jina lao lisomwe na kila mpita njia, hasa kambini ambako watu wanajuana. Rangi ikipauka, nguo ifumuliwe na kila mmoja arudishiwe chake. Tumeona kipande cha namna hiyo kikifunika kinu, kingine kikiwa mto wa mtoto, na hakuna ubaya.

Tunaomba basi wanaoidhinisha bajeti za Oktoba watazame mistari mitatu kabla ya kutia saini: posho ya kiongozi wa kikundi kwa wiki 10, uzi na kitambaa, na mtu wa kulipwa kuishusha nguo mawingu yakitanda na kuipandisha mvua ikikatika. Mstari wa tatu ukikosekana, itundikeni ndani ya ukumbi.

Wadarizi na viongozi wa vikundi vya ushonaji,
Arua