Kwa Idrisa: viini vyote kazini, kazi haiendi

Ndugu yangu Idrisa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa afya, na wote hapa hawajambo. Najua barua yako imekaa muda mrefu bila jibu, lakini sikutaka kukuandikia kabla sijafahamu kwa nini mashine yangu mpya ilikuwa ikiniaibisha. Sasa nimefahamu, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Unakumbuka nilivyokutambia kwamba nimepata kichakataji cha Ryzen 9 5950X, chenye viini 16, yaani sehemu 16 za kukokotoa, na nyuzi 32, kwa kuwa kila kiini hushika kazi mbili kwa pamoja. Usiku uleule nilifungua BOINC, ile programu ya kuazima nguvu ya kompyuta kwa miradi ya sayansi, nikaruhusu asilimia 100 ya nyuzi, nikaipa kwa mpigo kazi 32 za PrimeGrid, mradi wa kutafuta namba tasa, nikaenda kulala kama tajiri. Asubuhi nilikuta feni zinavuma, na safu ya muda uliobaki, badala ya kupungua, ilikuwa ikiongezeka: kazi zilizokadiriwa kuchukua saa 3 zilikuwa zimepita saa 7 na hakuna hata moja iliyofika nusu. Salma alipita, akatazama, akauliza kama mashine inatafuta namba tasa au inatafuta pa kufia.

Jibu nililipata nilipoacha kuhesabu nyuzi nikaanza kuhesabu megabaiti. Kazi hizi huzidisha namba kubwa mno kwa njia ya mageuzi ya Fourier, mbinu ya hisabati ya kuharakisha uzidishaji, na kila moja hubeba jedwali lake. Jedwali lenye nafasi 1024K, yaani kama milioni moja, kila nafasi baiti 8, ni megabaiti 8. Kwa kazi 32 ni megabaiti 256. Kache ya ngazi ya tatu ya kichakataji hiki, yaani kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani yake, ni megabaiti 64 tu, tena imegawanywa mafungu mawili ya 32, kila fungu likihudumia viini 8. Kisichoenea humo hufuatwa kwenye RAM, kumbukumbu kuu iliyo polepole zaidi, ambako viini vyote hupanga foleni, na kiini kilicho foleni nacho huandikwa kuwa kina shughuli. Asilimia 100 yangu ilikuwa, kwa sehemu kubwa, asilimia ya kusubiri.

Siku hizi naendesha kazi 4, kila moja kwa viini 4, na majedwali yote yanaenea ndani ya kache na nafasi inabaki. Nyuzi za pili za kila kiini sizigusi, kwa sababu nyuzi mbili za kiini kimoja hutumia vikokotozi vilevile, na uzi mmoja wa hesabu za namna hii unatosha kuvijaza. Kila kazi inaisha mapema, na jumla ya siku nzima imepanda, jambo ambalo kwangu ndilo kipimo. Sisemi miradi yote iko hivyo. Ile yenye data ndogo huweza kufaidi nyuzi zote.

Halafu, tafadhali, ule mpangilio wa asilimia 60 ya muda wa kichakataji ulionisifia, uache. Hukisimamisha kichakataji na kukiamsha kila mara, feni zikalia na kunyamaza kama mtoto mwenye homa. Ukitaka kupunguza joto, punguza idadi ya viini.

Bado naionea haya ile asubuhi. Enzi za SETI@home, ule mradi wa kutafuta ishara za viumbe wa anga za mbali, kabla haijaacha kugawa kazi mwezi Machi 2020, mimi na wewe tulianza na kiini kimoja na kazi moja, na hapakuwa na wa kugombana naye. Nadhani tumeendelea kujaza kila nafasi tunayoiona kwa mazoea tu, na pengine hata wewe...

Basi naomba msaada wako. Je, unaweza kuendesha nusu ya nyuzi kwa wiki moja, kisha unitumie hesabu ya kazi zilizokamilika kila siku? Kache ya mashine yako ni megabaiti ngapi? Bado unachanganya miradi mitatu kwa wakati mmoja? Na lile feni la nyuma, ulilibadilisha au bado umelifunga kwa uzi?

Wako,
Zuberi