Barua kwa Hamisi: siku ya kwanza ndani ya Minecraft

Tanga, Jumapili jioni

Kaka Hamisi,

Salamu nyingi kutoka huku, na pole kwa kuuawa na mazombi usiku wa kwanza mara zote tano kwenye Minecraft, hiyo gemu yako ya kuchimba na kujenga kwa bloku. Mpwa wako akikucheka usimkasirikie. Kwa maelezo yako, shida si vidole vyako wala simu. Shida ni mpangilio: unakimbilia upanga kabla ya mwanga, halafu unachimba kwenda chini huna hata ndoo. Nakuandikia ya simu, kwa kuwa ndiyo unayochezea. Toleo la Java la kwenye kompyuta lina tofauti zake, hasa kwenye kupigana, kwa hiyo ushauri wa huko usiubebe mzimamzima.

Kabla hujaanza dunia mpya, ingia kwenye mipangilio yake uwashe namba za mahali, zile X, Y na Z. Zitakusaidia kurudi nyumbani, na Y itakuonyesha uko kina gani.

Siku ya Minecraft ina dakika 20 za saa yako, na mchana wenyewe ni kama 10. Hesabu ya siku ya kwanza basi lazima uwe nayo kichwani kabla ya kushika mti. Kata magogo 11. Ukifikisha 14, utakuwa na akiba. Kwa mkono mtupu gogo moja linachukua sekunde 3, kwa hiyo shoka la mbao ni upotevu. Wengi hulitengeneza kwa mazoea tu.

Gogo moja linatoa mbao 4. Mbao mbili, moja juu ya nyingine, zinatoa vijiti 4. Mbao 4 zikijaza viboksi vinne vya begi lako zinakupa meza ya fundi, na hapo ndipo unapopata viboksi tisa, vitatu kwa vitatu. Mbao zote nilizokupigia hesabu ni 32: meza 4, sururu ya mbao 3, vijiti 6, kitanda 3, sanduku 8, ngao 6, na 2 za kuwashia tanuri. Hayo ni magogo 8. Matatu yaliyobaki usiyapasue, yana kazi yake.

Sururu inapangwa hivi: mbao tatu zijaze mstari wa juu wote, kisha vijiti viwili vishuke katikati, kimoja chini ya kingine. Ukiitazama hapo mezani ni sururu kabisa, ina kichwa na mpini. Karibu vifaa vyote vya gemu hii vimechorwa hivyo, ndiyo maana ukishaelewa kimoja huhitaji kukariri. Upanga ni vipande viwili vya jiwe vimesimama juu ya kijiti kimoja. Sepetu ni kipande kimoja juu ya vijiti viwili. Shoka ni vipande vitatu vimekaa pembeni juu, na mpini wa vijiti viwili.

Sasa nenda kwenye mwamba. Jiwe ukilipiga kwa mkono linavunjika baada ya sekunde saba na nusu, halafu halikupi kitu. Kwa sururu ya mbao ni sekunde moja na ushee, na jiwe unaliokota. Chimba matatu ya kwanza, utengeneze sururu ya jiwe palepale. Ya mbao inachimba mara 59 tu, ya jiwe mara 131, tena ya mbao ukiipigia chuma, chuma kinapotea mbele ya macho yako. Ile kuukuu usiitupe, inachoma kitu kimoja ndani ya tanuri. Jumla unahitaji mawe 17: sururu 3, shoka 3, upanga 2, sepetu 1, tanuri 8. Tanuri ni mawe kuzunguka viboksi vyote, cha katikati unakiacha wazi. Sanduku ni vilevile, ila kwa mbao.

Hapa ndipo ulipopotelea. Umesema ulizunguka mlimani ukitafuta makaa ya mawe mpaka jua likazama. Wewe umekulia Handeni, mkaa unajua unatoka wapi! Weka yale magogo matatu kiboksi cha juu cha tanuri na mbao mbili kiboksi cha chini. Kila kitu huiva kwa sekunde 10, na ubao mmoja huwaka sekunde 15, kwa hiyo mbao mbili zinatosha magogo matatu bila kubaki hata cheche. Baada ya nusu dakika una mkaa vipande vitatu. Viwili changanya na vijiti viwili, kila jozi inatoa mienge minne, jumla minane. Cha tatu weka pembeni. Kimoja hicho kinachoma vitu vinane, lakini kikishashika moto hakisubiri. Ukikiweka chini ya nyama moja, muda uliobaki unateketea bure. Kichome pale tu utakapokuwa na vitu saba au vinane.

Mwenge ndiyo silaha ya kwanza. Maadui wa kawaida hawazaliwi isipokuwa mahali ambapo mwanga umefika sifuri, na mwenge unaanza na mwanga 14, unapungua moja kwa kila bloku. Kwenye njia nyembamba, mmoja kila bloku 10 au 12 unatosha. Usirundike sita chumbani kisha ukaingia pangoni gizani.

Kitanda kinataka mbao 3 na sufu 3 za rangi moja. Kondoo ukimuua anatoa sufu moja na nyama. Ukimnyoa kwa mkasi anatoa moja hadi tatu na anabaki hai. Mkasi ni vipande viwili vya chuma, siku ya kwanza huna, basi tafuta kondoo watatu weupe, nao ndio wengi. Weka kitanda ndani, ziba mlango kwa udongo, ulale mara nyota zinapotokea. Ukiambiwa kuna adui karibu, kweli yupo, mara nyingi nyuma ya ukuta au chini ya sakafu. Ukishakilalia, ukifa unarudi hapo. Kikivunjwa, unarudi ulikoanzia dunia.

Kesho yake ndiyo chuma, na hapa nina msimamo ambao mpwa wako hataukubali. Chuma cha kwanza si cha upanga, ni cha ngao. Ngao inakula kipande kimoja tu cha chuma: mstari wa juu ni ubao, chuma, ubao, mstari wa kati mbao tatu, chini ubao mmoja katikati. Ivalishe kwenye kiboksi cha mkono wa pili, si kwenye begi, la sivyo unatembea na pambo. Kwenye simu inainuka ukichuchumaa. Inazuia mishale ya vile viunzi vya mifupa, ila kwa mbele tu. Mgongo wako uko wazi.

Upanga wa jiwe unatosha kwa siku kadhaa. Unamwangusha zombi kwa mapigo manne hivi. Wa Java watakuambia shoka linaumiza zaidi, na kwao ni kweli. Kwenye simu upanga ndio wenye nguvu, na hakuna haja ya kusubiri kati ya pigo na pigo. Yule wa kijani asiye na mikono, kripa, usishindane naye. Ukisikia sauti kama utambi unaowaka una sekunde moja na nusu. Rudi nyuma bloku saba, atatulia, kisha mpige mara moja na urudi tena.

Chuma utakitambua kwa madoa ya kahawia iliyopauka juu ya jiwe, na kinapatikana kwa wingi karibu na Y 16. Teremka kwa ngazi, bloku moja mbele, moja chini. Usichimbe bloku unayoikanyaga; huwezi kujua chini yake kuna shimo au lava. Changarawe na mchanga vinaporomoka: ukikata ya chini, ya juu inakujia kichwani na kukukosesha pumzi. Chimba haraka ya chini kabisa uweke mwenge mahali pake, zinazofuata zitavunjikia juu ya mwenge. Mienge yote ibandike upande wa kulia unapoingia, na wakati wa kutoka iwe kushoto kwako. Ukiiona kulia, umegeuka.

Tafuta vipande saba ndipo uchome, ule mkaa wa tatu utavitosha vyote. Kimoja ngao, vitatu sururu ya chuma, vitatu ndoo. Ndoo inapangwa kama herufi V. Wengi huidharau, lakini ukiwaka moto mwaga maji miguuni, utazimika. Lava ikikuzibia njia, maji yanaigandisha. Chimba shimo la mbili kwa mbili, mwaga ndoo mbili kwenye pembe zinazotazamana, na maji hayo hayaishi hata uchote mara ngapi. Mavazi yafuate baadaye: seti nzima ni vipande 24, yaani kofia 5, fulana 8, suruali 7, viatu 4. Ukiwa na vichache, anza na fulana.

Sururu mbili za aina moja zikikaribia kuisha ziweke pamoja mezani. Zitaungana kuwa moja, maisha yao yakijumlishwa na nyongeza ndogo juu yake.

Nisalimie mama na mpwa wako. Nitumie picha ya nyumba ikishasimama.

Wako,
Juma

N.B. Ukihama, tanuri livunje kwa sururu. Meza unaweza kuivunja kwa mkono ukaipata, lakini tanuri ukilivunja kwa mkono utabaki na vilivyokuwemo tu, na mawe manane yamekwenda.