Breki kali si dawa ya chombo cha gurudumu moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na vijana wanaofika karakana yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, wakiwa na picha kwenye simu, wakitaka niwatengenezee chombo cha moto chenye gurudumu moja kubwa ambalo dereva na injini hukaa ndani yake. Wote huniuliza kitakimbia kiasi gani. Namna ya kukisimamisha hakuna aliyeiuliza.

Pikipiki ikifungwa breki, uzito huegemea gurudumu la mbele. Hapa gurudumu la mbele halipo. Fremu yenye kiti na injini huning'inia ndani ya ringi, na kinachoizuia isizunguke ni uzito wake tu, uliokaa chini ya kitovu cha gurudumu. Breki huifunga fremu hiyo na gurudumu, kwa hiyo ikikamata kupita uwezo wa uzito huo, dereva hupandishwa kinyumenyume, akapita juu miguu ikitazama mbingu, kisha akashukia mbele, huku gurudumu likiendelea na safari yake.

Ndiyo maana sikukubaliana na fundi mwenzangu aliyeshauri tufunge breki ya diski ya pikipiki kubwa. Tuseme gurudumu lina kimo cha mita 1.5 na uzito wa ndani uko sentimita 30 chini ya kitovu: nguvu ya kulisimamisha haifiki nusu ya uzito wa chombo chote, hata ukifunga breki ya lori. Likiwa katika mwendo wa kilomita 36 kwa saa litahitaji zaidi ya mita 10, ilhali pikipiki yenye tairi nzima kwenye lami kavu husimama kwa takriban mita 7.

Mwaka 1932 Waingereza walijaribu Dynasphere, chombo cha gurudumu moja kilichobuniwa na J. A. Purves, katika ufukwe wa Weston-super-Mare, penye nafasi tele. Kwetu, ukielekea Chamwino, mbuzi hukatiza barabara bila kupiga honi.

Linalowezekana ni kushusha injini hadi karibu kabisa na ringi, na kuirekebisha breki iteleze kabla fremu haijapanda. Atakayekubali hayo nitamchomea fremu, ila akaijaribie uwanjani, si kwenye lami.

Fundi pikipiki,
Nkuhungu, Dodoma