Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Assalamu alaikum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wale ambao sijawaona tangu Machi, habari za siku nyingi.

Taarifa hii ya Chama chetu cha hapa Bagamoyo, kinachowapa barua na mikopo wanaoomba masomo nje ya nchi, ilikuwa isomwe kwenye Mkutano Mkuu wa Jumamosi tarehe 14 Desemba. Haikusomwa. Katiba yetu inataka theluthi moja ya wanachama ndipo akidi itimie, yaani watu 46 kati ya 137 tulionao daftarini. Siku ile tulikuwa 31, viongozi 7 tukiwemo. Tulingoja mpaka saa sita na nusu mchana, na kila tulipopiga simu tuliambiwa "niko njiani, Mwalimu." Sijui hiyo njia ya kutoka Magomeni kuja Dunda, zote kata za hapa hapa Bagamoyo, imeanza lini kuchukua saa tatu. Kamati imeona taarifa itumwe kwa maandishi, asije mtu akasema hakuambiwa.

Shughuli za kawaida mnazijua. Darasa la Jumamosi la Kiingereza cha mitihani liliendelea, isipokuwa mwezi wa Ramadhani na wiki mbili za masika paa lilipovuja. Tulifanya mazungumzo manne ya wazi juu ya akili mnemba, yaani mashine zinazojifunza na kujibu kama mtu, moja likiwa la walimu na moja la wakulima. Siku ya Kiswahili, tarehe 7 Julai, vijana 17 walijifungia chumbani kwetu wakasoma sentensi kwa ajili ya Common Voice, hazina ya sauti ya Mozilla ambayo mtafiti yeyote duniani anaitumia bure. Tulimzika mwenzetu mmoja, Mungu amrehemu. Kikao cha Machi nacho mnakikumbuka: saa nzima iliishia kwenye jina la hizo mashine, huyu akitaka akili bandia, yule akisema Kenya wanasema akili unde. Tukabaki na akili mnemba na chai ikaletwa.

Sasa nije kwenye lile ambalo najua ndilo mnalolisubiri, usaili wa waombaji wa masomo, kwa kuwa kwenye kundi letu la WhatsApp limesemwa sana na watu ambao kikaoni hawakuwepo.

Mwaka huu waombaji 14 walituletea maandiko yao. Wote walikuwa wanaomba nafasi za masomo na utafiti nje ya nchi, na wote walichagua mada moja: athari za akili mnemba kwa jamii. Walitaka barua ya Chama, na walitaka mkopo wa pasipoti na wa mtihani wa Kiingereza. Katibu aliyasoma yote usiku mmoja. Alfajiri akanipigia: "Mwalimu, sita kati ya haya yameandikwa na mtu mmoja." Nikamwuliza ni nani. Akasema, "Yumo kwenye simu ya kila mtu." Alimaanisha akili mnemba inayoandika.

Nikayasoma mwenyewe. Mimi nimesahihisha madaftari miaka 31, najua mtoto aliyenakili anavyonuka. Manne yalianza kwa sentensi ileile ya kwamba mwandishi amependa teknolojia tangu utotoni. Kijana mmoja alieleza alivyokulia kijiji cha kandokando ya Ziwa Victoria, akiwaona wavuvi wakihangaika. Mama yake anauza vitumbua Nianjema, na mwenyewe Ziwa Victoria kaliona kwenye ramani. Wavuvi wanaohangaika tunao hapa hapa, angeshuka tu mpaka sokoni pwani.

Katibu, kwa nia njema, akayapitisha maandiko yote kwenye programu ya kukagua kama yaliandikwa na mashine. Programu ikasema matano ni ya mashine. Mojawapo ya hayo matano lilikuwa la binti wa Yombo ambaye mimi kwa macho yangu nilimwona akiandika kwa kalamu, kwenye daftari la mistari, chini ya mwembe wa ofisi. Na lile la Ziwa Victoria likapita salama.

Hapo ndipo niliposimamisha zoezi. Wapo waliosema niliingilia kazi ya Katibu. Niliingilia, na ningeingilia tena. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye programu saba za aina hiyo. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo, asilimia 61, zilisingiziwa kuwa ni za mashine. Sababu yake ni nyepesi: programu hizi huona maneno machache na sentensi zilizonyooka kuwa ni dalili ya mashine, na mtu aliyefundishwa Kiingereza na sisi walimu wa hapa huandika maneno machache na sentensi zilizonyooka. Kampuni ya OpenAI, haohao waliotoa ChatGPT, mashine ya kuandika, Novemba 2022, walitengeneza chombo chao cha kukagua, kisha Julai 2023 wakakiondoa kwa kuwa hakikuwa sahihi vya kutosha. Kama waliozaa mtoto wameshindwa kumtambua, sisi wa Bagamoyo tumtambue kwa bando la shilingi elfu moja?

Nikaamua, na narudia, niliamua mimi, Kamati ikaja kuridhia kwa kura 5 kwa 2, kwamba kila mwombaji aje akae mbele yetu dakika 20, aeleze andiko lake kwa Kiswahili, simu ikiwa kwenye kapu mlangoni. Usaili ulifanyika tarehe 28 na 29 Septemba. Walioitwa 14, waliokuja 11, waliopewa barua na mkopo 8.

Malalamiko yaliyonifikia ni matatu.

La kwanza, kwamba katiba haitaji usaili. Ni kweli haitaji. Haikutaja hata kompyuta, iliandikwa wakati tunatumia taipureta ya kuazima.

La pili, kwamba tumewachelewesha, na waombaji wawili walikosa dirisha la ufadhili mmoja kwa siku tatu. Hili nalikubali nusu. Nusu nyingine ni ya wenyewe, kwa sababu tarehe ya kuleta maandiko ilibandikwa ukutani na wao walileta siku 19 baadaye. Hata hivyo mama mmoja alikuja nyumbani kwangu usiku akanililia juu ya mwanawe, na usingizi sikuupata. Katika wale wawili, mmoja angeweza kufika mbali. Nimemwambia aombe tena, na barua yake nimeshaiandika, iko kwenye faili.

La tatu ni juu ya mpwa wangu. Ndiyo, mmoja kati ya wale 8 ni mtoto wa dada yangu, toka nitoke. Sikuficha. Ilipofika zamu yake nilitoka nje, Makamu akashika kiti, na kura zikawa 4 kwa 2. Nilikaa chini ya mwembe dakika 20 nikihesabu pikipiki. Anayedhani nilikuwa nawakonyeza wajumbe kupitia dirishani aende akalitazame dirisha lenyewe, lina mbao.

Na niseme jambo ambalo wasiokuja hawakuliona. Mle chumbani nilisikia mambo ambayo hayakuwemo kwenye andiko hata moja. Kijana wa bodaboda, mwenye shahada yake ya takwimu, alikuwa ameandika kurasa mbili za "kuleta mapinduzi katika sekta mbalimbali." Tukamwuliza sekta gani. Akanyamaza, halafu akasema: "Mimi niliomba mkopo kwenye programu ya simu. Ikanijibu ndani ya sekunde kwamba sikopesheki. Nilitaka kujua kwa nini, hakuna wa kumwuliza." Wajumbe wawili wakacheka. Mimi sikucheka. Hilo ni swali la utafiti lililokamilika: mashine inapomnyima mtu, nani ana wajibu wa kumweleza sababu? Watu wanasoma shahada za uzamivu juu ya swali hilo London, Toronto na kwingineko. Nikamwambia akaandike upya aanze na bodaboda yake.

Yule binti wa Yombo naye. Andiko lake lilikuwa la kompyuta zinazotambua nyuso, akiwataja watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru, huyu wa pili mzaliwa wa Addis Ababa, waliopima mwaka 2018 wakakuta programu zinazouzwa zinakosea jinsia ya wanawake weusi hadi asilimia 34.7, na za wanaume weupe chini ya asilimia moja. Alilieleza vizuri, hakukwama. Lakini nilipomwuliza kwao wanalima nini, akasema muhogo, na kwamba mama yake ana programu ya simu iitwayo Nuru: unaielekeza kwenye jani nayo inakwambia kama ni batobato au ni michirizi ya kahawia, hata pasipo intaneti. Akasema simu ya mama ina kioo kilichopasuka, ikikosea mama hajui ni ugonjwa au ni ufa.

Ndugu zangu, wangapi mnajua kwamba picha zilizotumika kuifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na watu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, zilipigwa kwenye mashamba ya majaribio nje kidogo ya Bagamoyo hii? Magonjwa matatu na uharibifu wa wadudu wa aina mbili, na kompyuta ikapatia asilimia 93 kwa picha ambazo haikuwahi kuziona. Majani ni yetu na ugonjwa ni wetu. Binti amekua humo, halafu anamwandikia profesa wa ng'ambo juu ya nyuso za Wamarekani kwa sababu anadhani muhogo si elimu! Mimi ndiye niliyemwambia auweke muhogo ukurasa wa kwanza. Iandikwe kwenye kumbukumbu, kwa kuwa naona sasa wapo wajumbe wanaodai walisema wao.

Mzee mmoja wa Kaole aliniuliza, je, tukiwapeleka watarudi? Nilimjibu kwamba ufadhili wenyewe una masharti. Chevening ya Uingereza inataka mtu awe na saa 2,800 za kazi kabla ya kuomba, na akimaliza arudi kwao akae miaka miwili. DAAD ya Ujerumani, kwa kozi zake za maendeleo, nayo inataka angalau miaka miwili ya kazi. Kwa hiyo wanaomaliza chuo Julai na kutaka kuruka Septemba watulie kwanza wafanye kazi. Na si lazima iwe Ulaya. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, ilianzisha Kigali mwaka 2018 shahada ya uzamili ya akili ya mashine kwa vijana wa Afrika, na Deep Learning Indaba, mkutano wa Waafrika wa akili mnemba, mwaka huu ulifanyika Dakar. Mzee akaniuliza tena, "Na wasiporudi?" Nikamwambia Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa akili mnemba, aliyepewa Nobeli ya fizikia Oktoba hii pamoja na John Hopfield, ni Mwingereza aliyehamia Toronto. Mzee akasema Uingereza ina wengine, sisi hatuna. Sikuwa na jibu, tukaenda kuswali.

Fedha. Tulianza mwaka na shilingi 1,415,500. Zilizoingia ni ada 1,248,000, viingilio 110,000, michango ya hiari 845,000 na marejesho ya mikopo 960,000, jumla 3,163,000. Zilizotoka ni mikopo kwa waombaji 8, yaani pasipoti 1,200,000 na mtihani wa Kiingereza 1,100,000, kisha kodi ya chumba 600,000, intaneti na umeme 540,000, viti, maji na maandazi 186,000, na shajala 94,500, jumla 3,720,500. Tumebakiwa na 858,000. Mhazini ana stakabadhi zote isipokuwa moja ya fundi wa paa, ambaye hajui kuandika na aligoma kuweka dole gumba.

Sasa itazameni hiyo ada. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, bei ya chipsi kavu. Wamelipa wanachama 52. Ambao hawajalipa ni 85, na deni lao ni shilingi 2,040,000, fedha ambayo ingetosha pasipoti 13. Miongoni mwa hao 85 wamo watatu walioandika kwenye kundi, kwa herufi kubwa, kwamba Mwenyekiti anaendesha Chama kama nyumba yake. Ningependa kuwajibu, lakini kwa mujibu wa kifungu cha 9 mwanachama asiyelipa ada hana hoja. Ujumbe wa kukumbushwa ulitumwa mara sita. Mmoja alijibu kwa picha ya mtu anayelia.

Kwa mwaka 2025, inshallah, tunatarajia kupata kompyuta mbili au tatu, mtu akijitokeza. Tunatarajia kuwaalika watafiti wa muhogo waje watueleze walichokipata humu mwetu. Usaili utaendelea, ila utafanyika mapema, Agosti ikiwezekana. Yupo mwanachama aliye ughaibuni aliyeahidi kutuunganisha na profesa mmoja, bado tunasubiri asome ujumbe.

Uchaguzi wa viongozi uliokuwa ufanyike Desemba umeahirishwa mpaka akidi ipatikane. Watakaosema nimeung'ang'ania uenyekiti wakumbuke walikuwa wapi siku ile.

La mwisho, projekta ya Chama iliazimwa Juni kwa ajili ya harusi. Aliyeazima anajijua, na bi harusi sasa ana mimba ya miezi mitano. Airudishe kwa Katibu kabla ya mkutano wa pili, akija na waya wake.

Mwenyekiti
Bagamoyo